Safari yetu ya hisani: vituo 7 kwa siku 2, nusu monasteri nusu makao. Naomba ushauri

Katibu_wa_Safari

Habarini ndugu zangu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kutafakari, Wabuddha wa kawaida tu, watu wenye kazi na familia, hatuna mtawa anayekaa nasi. Kila mwaka tunachanga, halafu tunafanya safari moja ya kutoa. Mwaka huu wamejiandikisha watu 34: basi moja, gari dogo la mizigo, siku 2. Kwenye karatasi niliyokabidhiwa kuna vituo 7: monasteri 3, nyumba moja ya watawa wa kike, makao ya wazee 2 na makao ya watoto 1. Nimeikalia karatasi hiyo wiki nzima na kila nikiitazama roho inakataa.

Sababu ni mwaka jana. Tulifika kwenye makao ya wazee saa 5 asubuhi, tukashusha magunia, tukapanga maboksi mbele ya ukumbi. Wazee wakatolewa vyumbani, wakakalishwa kwa mistari. Tukaimba, tukapiga picha, tukaondoka. Dakika 40, nilikuja kuzihesabu baadaye kwa saa zilizoandikwa kwenye picha zenyewe. Kulikuwa na bibi mmoja mwisho wa mstari, mguu mmoja una soksi, mwingine hauna. Nilipoinama kumuaga akanishika kidole gumba, gumba peke yake, akauliza, "Yule wa jana harudi?" Sikujua yule wa jana ni nani. Dereva akapiga honi. Ikabidi nivifungue vidole vyake kimoja kimoja ili nitoe changu, na vilikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Bado navisikia.

Sasa kikundi kimegawanyika. Baadhi wanasema mali yote iende monasteri kwa kuwa watawa ni shamba la thawabu, mbegu ipandwe penye rutuba. Wengine wanasema watawa wana wafadhili wao, wazee hawana mtu, hivyo monasteri zifutwe kabisa. Kikao cha mwisho watu walitoka wamenuna. Mimi sitaki kufuta upande wowote. Nataka kujua waliowahi kupanga safari hizi walifanyaje: mnagawaje siku, mnabeba nini, na mnafanyaje ili yule tunayemtembelea asiwe pambo la safari yetu?

---

Mzee_wa_Mizigo

Dada Katibu, nimekuwa mpakiaji na mpakuaji wa safari kama hizi miaka 11, kwa hiyo nitaanzia kwenye gari, maana huko ndiko ukweli unapoonekana kwanza.

Vituo 7 havitoshi kwenye siku 2. Watu 34 kushuka na kupanda basi ni dakika 20 kila kituo, hata wawe na nidhamu ya jeshi. Mara saba hizo ni zaidi ya saa 2 za kushuka na kupanda tu. Ongeza mwendo, maji ya kunywa, choo, mtu aliyesahau miwani. Kinachobaki ndizo zile dakika 40 zako. Punguza viwe 3, na utakaowaacha waandikie mapema kwamba mwaka huu hamji. Hakuna kitu kibaya kama makao kuwavalisha wazee nguo za wageni na wageni wasitokee.

Kuhusu ugomvi wa monasteri na makao, wasimulieni wenzenu habari ambayo kila Mbuddha anapaswa kuwa nayo kichwani. Buddha alikuwa akizungukia makazi ya watawa pamoja na Ananda, mtawa aliyekuwa msaidizi wake, wakamkuta mtawa mmoja anaharisha, amelala kwenye uchafu wake mwenyewe, hana wa kumwangalia. Alipoulizwa kwa nini wenzake hawamhudumii, akasema ni kwa sababu yeye hana faida yoyote kwao. Buddha akamtuma Ananda maji. Buddha mwenyewe akamwaga, Ananda akasugua, kisha mmoja akashika kichwa, mwingine miguu, wakamlaza kitandani. Ndipo akawaita watawa na kuwaambia kwamba hawana mama wala baba hapa wa kuwauguza, wasipouguzana wao kwa wao nani atawauguza, na kwamba anayetaka kumhudumia yeye na amhudumie mgonjwa. Sasa niambie, hapo palikuwa monasteri au makao? Palikuwa vyote viwili. Huko Thanlyin, karibu na Yangon, nchini Myanmar, kuna kituo cha Thabarwa ambako watawa, wazee waliotelekezwa na wagonjwa wanaishi eneo moja. Huko mwenye kuja kutoa haulizwi anakwenda upande gani.

Ila namna ya kutoa inatofautiana, na hapo ndipo vikundi vingi huharibu.

Kwa monasteri, jambo la kwanza uliza ni ya mapokeo gani. Kama ni Theravada, ile ya Sri Lanka, Thailand, Myanmar, Laos na Kambodia, watawa hawali chakula kigumu baada ya saa 6 adhuhuri. Ukifika saa 8 mchana na masufuria, umewapikia wafanyakazi wa jikoni. Mtawa akishapokea chakula mkononi rasmi, hawezi kukiweka akiba kwa kesho. Kwa hiyo mchele, dengu na mafuta ya kupikia usimkabidhi yeye, mkabidhi mlei anayesimamia stoo. Pesa vivyo hivyo: kanuni inamkataza mtawa kupokea dhahabu na fedha, kwa hiyo bahasha aandikiwe msimamizi au kamati, na risiti mpewe. Kama ni Thailand, mwanamke hamkabidhi mtawa kitu mkono kwa mkono, mtawa hutandika kitambaa na wewe unaweka juu yake. Waelezeni akina mama ndani ya basi kabla hamjafika, mtu asije akaona amedharauliwa. Na kama ni monasteri ya mapokeo ya Mahayana, kama zile za Taiwan, msipeleke nyama wala samaki, na wengi huko hawagusi hata vitunguu, vya maji na saumu.

Sasa ndoo. Hili linaniuma na nitalisema kwa urefu.

Thailand kuna ndoo za rangi ya njano au chungwa zinazouzwa zimeshafungwa kwa plastiki, ndani mna joho, sabuni, dawa ya meno, chai, tochi. Kikundi chetu kiliwahi kununua 40. Tukazipeleka kwa shangwe kwenye monasteri moja. Mtawa mwangalizi wa stoo, mtu mpole sana, akanishukuru, akaniomba nimsaidie kuzibeba. Alipofungua mlango wa stoo nikaona ndoo za njano kutoka sakafuni hadi darini, zimeshikana vumbi, nyingine zimepasuka kwa uzito wa zilizo juu. Nilikaa nimeshika mbili mikononi sijui niziweke wapi. Nikamwomba afungue moja ya zamani. Joho lilikuwa kipande kisichofika magotini. Dawa za tumbo zilishaisha muda. Chai ilinuka sabuni kwa kukaa nayo pamoja. Akaniambia kwa upole kwamba hawezi kukataa mtu anapotoa kwa moyo, lakini kilichowakosesha usingizi mwezi ule kilikuwa paa la bweni la watawa wachanga, na nauli ya kumpeleka mtawa mzee hospitali mara 3 kwa wiki kusafishwa damu, maana figo zilishachoka. Hakuna ndoo inayosafisha damu.

Tangu siku hiyo napiga simu kwanza. Mahitaji ya mtawa yamewekwa manne tangu zamani: joho, chakula, makazi, dawa. Sisi tunajazia mawili ya kwanza na kusahau ya mwisho. Na hata chakula tunakosea: utafiti wa Chuo Kikuu cha Chulalongkorn pale Bangkok ulikuta karibu nusu ya watawa wana unene uliopitiliza, na sababu mojawapo ni vitu vitamu tunavyowapa. Mchana ukipita hawali, wanakunywa, na tunachowaletea ni soda na chai za sukari. Mtawa anakula anachopewa. Kisukari chake kinatoka kwenye mikono yetu.

Msisahau ile nyumba ya watawa wa kike. Ukiniuliza kituo gani kibaki kati ya vile 4 vya utawa, nitakuambia hicho. Karibu kila nchi ya Kibuddha wao hupata kidogo kuliko wanaume. Myanmar utawaona wamevaa majoho ya waridi wakipita kuomba, na mara nyingi wanachowekewa ni mchele mbichi, wakarudi kupika wenyewe, wakati watawa wa kiume wanapewa vilivyoiva. Wakati ule ule wanalea wasichana wadogo waliokimbizwa na umaskini au vita. Wenzenu wa shamba la thawabu waulizeni kama hilo si shamba.

Na joho, kama mnataka kweli kutoa joho, subirini msimu wake. Ni ule mwezi unaofuata miezi 3 ya mafungo ya mvua, mara nyingi Oktoba hadi Novemba. Kila monasteri hupokea sadaka hiyo mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo jiandikisheni mapema.

---

Zamu_ya_Usiku

Nafanya kazi kwenye makao ya wazee, zamu ya usiku kama jina linavyosema, na nilikuwa mchana kabla ya hapo. Nimesoma swali la dada Katibu nikalia kidogo kwa yule bibi na soksi moja.

Naomba niwaambie ninyi mnaokuja kinachotokea kabla hamjafika. Mkisema mnakuja saa 5, sisi tunaanza saa 11 alfajiri. Wazee 52 waogeshwe, wavalishwe, wakalishwe. Asiyeweza kukaa muda mrefu anakalishwa hivyo hivyo kwa kuwa wageni wanakuja. Mwenye kidonda cha kulalia kwenye makalio anakaa juu ya kidonda chake akiwasikiliza mnaimba. Mkichelewa saa moja, ni saa moja juu ya kidonda. Sisemi msije. Mnapokuja wazee wengine wanaongea neno la kwanza tangu wiki iliyopita. Nasema msiwatoe vyumbani, ninyi ndio mwingie, wachache wachache, mbishe hodi. Kile chumba ndiyo nyumba yake.

Watu 34 kwa pamoja hawaingii. Leteni 6 kwenye wodi, wengine wapeni kazi. Kuna madirisha hayajaoshwa, kuna vitasa vimelegea, kuna viti vya magurudumu 9 ambavyo havina breki zinazoshika. Mwanaume mmoja mwenye spana akikaa nasi asubuhi nzima, tutamkumbuka mwaka mzima.

Vitu: pampasi za watu wazima, lakini ulizeni saizi. Kila kikundi kinaleta kubwa kabisa kwa kudhani kubwa inamtosha kila mtu. Haimtoshi. Wazee wetu wengi ni wembamba, pampasi ikiwa kubwa mkojo unatoka pembeni, shuka linalowa, ngozi inaharibika. Glovu. Mafuta ya kupaka yasiyo na harufu. Soksi zisizobana. Biskuti ngumu tafadhali hapana, waliopatwa na kiharusi wanapaliwa, na kupaliwa kwa mzee si jambo la kugonga mgongo likaisha, chakula kinaingia kwenye mapafu.

Na kucha. Sisi wahudumu tuko 4 kwa wazee 52, kucha ndizo zinazosubiri siku zote. Mwaka juzi alikuja dada mmoja wa kikundi kama chenu. Hakuimba. Aliomba beseni la maji ya vuguvugu, akaweka miguu ya babu mmoja ndani, akakaa kwenye kigoda, akasubiri robo saa nzima kucha zilainike. Kucha ya gumba ilikuwa nene kama ganda la chaza, imejikunja kuingia nyamani. Akaikata kwa vipande vidogo vidogo, akipuliza, akiuliza kila mara kama inauma. Alipomaliza miguu miwili ilikuwa saa na nusu imepita, amehudumia mtu mmoja tu. Babu yule alikuwa amekataa kutembea miezi 2, tukaandika kwenye kitabu kuwa ni uzee. Kesho yake alisimama. Kilichokuwa kinamuuma ni kiatu kusukuma ile kucha. (Mwenye kisukari msimguse kucha, mwachieni muuguzi, kidonda kidogo tu kinaweza kumkatisha mguu.)

Kuhusu "yule wa jana": wazee wenye ugonjwa wa kusahau wanauliza hivyo. Usibishane naye kuhusu jana. Keti, mpe kidole, mwambie uko hapa. Na kama hamtarudi msiahidi kurudi.

---

Upasaka_Mtulivu

Nashukuru kwa mafunzo, lakini naomba nitetee picha kidogo. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu. Wachangaji wengine ni wazee au wagonjwa, hawawezi kusafiri. Wanapoona picha wanafurahi, na kufurahia wema wa mwenzako nako ni thawabu kwa mafundisho yetu. Bila picha, mwaka unaofuata watu wanauliza pesa ilikwenda wapi. Nimeshaulizwa hivyo mbele ya kikao, na nilikuwa na kila risiti mfukoni.

---

Mzee_wa_Mizigo

Ndugu Upasaka, nakuelewa na pole kwa kuulizwa hivyo. Piga picha mizigo ikishushwa, piga risiti, piga breki mpya za viti, piga mikono. Sura ya mzee asiyejua yuko wapi, ambaye hawezi kusema ndiyo wala hapana, iache. Mtoto hivyo hivyo.

Niongeze jambo moja. Mwaka 1966, kule Hualien, Taiwan, mtawa wa kike Cheng Yen alianza na akina mama 30, kila mmoja akitia senti 50 kwenye kopo la mwanzi kila siku kabla ya kwenda sokoni. Wangeweza kutoa mara moja kwa mwezi, hesabu ingekuwa ile ile, lakini alitaka iwe kila siku ili moyo wa kutoa uamke kila siku. Leo shirika hilo, Tzu Chi, linafika nchi nyingi za dunia, na wahudumu wake wanapokabidhi msaada hutoa kwa mikono miwili, wanainama, na ndio wanaosema asante. Mfundishe kila mtu kwenye basi lenu hilo tu: anayetoa ndiye anayeshukuru. Utaona hata picha zitapungua zenyewe.

---

Mwalimu_Mstaafu

Nimeona hakuna aliyegusa kile kituo cha watoto, nami ndiko nilikofanya kazi muda mrefu, kwa hiyo kwa ufupi: kiondoe kwenye ratiba ya kutembelea, usikiondoe kwenye msaada.

Wengi wanaoitwa yatima wana mzazi hai, ila maskini. Kambodia ilionekana wazi: utalii ulivyokua, makao yaliongezeka, na watoto wengi waliokutwa humo walikuwa na mama au baba. Wageni wanaleta pesa, pesa zinahitaji watoto, watoto wanatafutwa. Mwaka 2011 shirika la Friends-International lilianzisha huko kampeni ya kusema watoto si vivutio vya watalii. Australia ilipotunga sheria yake ya utumwa wa kisasa mwaka 2018 ilitambua biashara hii ya kupeleka watoto kwenye makao kuwa aina ya utumwa, na mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo likaonya kuhusu madhara ya kujitolea kwenye vituo vya yatima.

Mtoto wa miaka 3 anayemkimbilia mgeni na kumkumbatia siku ya kwanza hajapendezwa nawe. Ameshazoea watu wanaoondoka. Nimewaona wakilia dirishani basi likiondoka, halafu baada ya mabasi mengi hawalii tena, na hapo ndipo mimi nilipokuwa naogopa. Muulizeni mkuu wa makao: ni watoto wangapi wana mzazi, na ingegharimu nini warudi nyumbani? Akiwa mtu mwema atakuwa na jibu tayari, na pesa zenu ziende huko: sare, daftari, nauli, mtaji mdogo wa mama. Asipokuwa na jibu, nanyi mmejua.

---

Katibu_wa_Safari

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nasoma haya kwa sauti kwenye kikao. Ile habari ya mtawa aliyekuwa anaharisha, yule mzee wetu aliyekuwa mkali zaidi upande wa monasteri alinyamaza muda mrefu, kisha akasema yeye atabeba beseni.

Tumebakiza vituo 3: nyumba ya watawa wa kike, monasteri moja, na makao yale yale ya wazee ya mwaka jana. Siku moja nzima ni ya makao, tutaingia kwa zamu za watu 6, na tuna mafundi 3 ambao sikuwahi kujua ni mafundi. Fedha ya watoto tunaituma kwa ajili ya familia, tukishapata majibu ya maswali ya mwalimu.

Nimepiga simu. Monasteri wameomba dawa za presha na bati 20. Watawa wa kike wameomba tangi la maji, na wamecheka nilipowauliza kama wanahitaji ndoo.

Kwa makao nilimwomba msimamizi saizi za pampasi, akasema hakuna aliyewahi kuuliza na yeye mwenyewe hana hesabu kamili. Nikamuuliza pia kuhusu bibi wa mwisho wa mstari. Yupo. Hatembei tena, lakini anaongea. Basi Jumamosi hii tunatangulia watu wawili, mimi na dada mwingine, bila basi, kupima viuno vya wale ambao hawana vipimo. Nimeshaazima futi ya fundi cherehani. Dada Zamu ya Usiku, naomba uniambie: mtu akiwa amelala, unapitisha vipi futi bila kumgeuza kwa nguvu?

---

Zamu_ya_Usiku

Usipitishe wakati amelala chali. Subiri wahudumu wanapombadilisha shuka, wao watamgeuza ubavu, wewe utandaze futi kitandani pale kiuno kitakapolalia, arudi juu yake, halafu unaikutanisha mbele. Pasha mikono moto kwanza. Na mwambie kabla hujamgusa, hata kama unadhani hasikii.